Kitufe cha Kurudi Juu Dukani kwa Warsame

Persis Mokeira alipotangaza kwamba kitufe chake kimejaribiwa kwenye simu kumi na zote zimekubali, hakuwa anasema uongo. Alikuwa anasema upuuzi, ila hilo hakulijua bado.

Tovuti ilikuwa ya Warsame, mwenye duka la vyombo mjini Kisii. Ilikuwa ukurasa mmoja mrefu: sufuria, thamosi, beseni, ndoo, na mikeka chini kabisa. Mteja akishafika kwenye mikeka, kurudi juu ilikuwa kazi ya kuchosha kidole. Warsame alitaka kitufe kidogo pembeni, mtu akikigusa, ukurasa upande juu wenyewe taratibu, kwa ulaini, bila kuruka. Alikuwa amekiona kwenye tovuti ya duka fulani la Nairobi, na tangu siku hiyo hakuwa na habari nyingine.

"Kikifanya kazi kwenye simu za hapa nyumbani Ijumaa," alimwambia Persis, "ndugu zangu wawili, wa Ogembo na wa Nyamira, watakupa na wao tovuti za maduka yao. Kisipofanya, Mama Lavender, tutaachana kwa amani."

Mtu mwenye akili angengoja Ijumaa ifike. Persis alirudi Nyakoe, kwenye kibanda chake cha fotokopi, akamwambia Momanyi, kinyozi wa mlango wa pili, kwamba anaacha fotokopi, anahama mwisho wa mwezi. Momanyi hakungoja kubembelezwa. Asubuhi yake alikuwa ndani ya kibanda na futi mkononi, anapima ukuta wa kuweka kioo.

Kitufe chenyewe Persis alikiandika kwa madaha, mistari arobaini na mitatu. Kilijificha mpaka msomaji ashuke, ndipo kikachomoza. Ukikigusa, ukurasa ulipanda kama lifti. Alikijaribu kwenye simu za wateja wa fotokopi, kumi kwa hesabu. Hakujiuliza simu hizo zilinunuliwa wapi. Zote zilitoka duka moja pale pale sokoni, za aina moja, zenye kivinjari kile kile zilichokuja nacho. Ilikuwa sawa na kuwauliza watoto kumi wa mama mmoja kama mama yao anajua kupika.

Ijumaa alimngoja Warsame arudi kutoka msikitini. Saa nane walikuwa sebuleni, nyuma ya duka. Persis ni Msabato, na Msabato wa kweli. Jua likizama Ijumaa, laptopu hufungwa hata kama mstari umeishia katikati. Lakini kati ya swala ya Warsame na Sabato yake kulikuwa na saa nne na ushee, na kazi ilikuwa imekwisha. Alikuja hata amevaa viatu vizuri, vya kusherehekea.

Warsame alitoa simu yake, ya bei ila ya zamani, aliyoachiwa na kaka yake anayeishi ng'ambo. Akashuka hadi kwenye mikeka. Kitufe kikatokea. Akakigusa. Akakigusa tena, kwa nguvu, kama anayebisha mlango.

"Kimelala," akasema.

"Changu hakijaja hata kulala," alisema Nasteho, mkewe, macho kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka. "Kiko wapi?"

"Pembeni kulia, Mama Haron. Shuka kidogo, kitatokea."

"Niko kwenye mikeka. Nishuke wapi tena? Tabaka, kwa wachimba mawe?"

Persis alihisi joto masikioni. Akafanya kile ambacho huwakataza wengine: akalaumu chombo. "Simu yako ni nzee, Mama Haron."

"Ni nzee. Na ndiyo inayonunua vitu."

Akafungua laptopu. Kivinjari cha Warsame hakikulielewa agizo lake la kupanda kwa ulaini. Basi angeupandisha ukurasa mwenyewe, hatua kwa hatua. Aliandika mistari mingine thelathini. Saa kumi simu ya Warsame ikapanda vizuri. Warsame akatabasamu. Kisha, ukurasa ukiwa bado njiani, akataka kuziangalia beseni, akauvuta chini. Ukurasa ukaendelea kupanda. Akauvuta. Ukampokonya.

"Inaniburuta!" alipiga kelele. "Mama Lavender, inaniburuta kama mbuzi anayepelekwa sokoni!"

Kwa Nasteho bado hapakuwa na kitu. Kivinjari chake, katika kubana bando, hakikujisumbua kufuatilia kidole kikishuka. Kitufe kilikuwa kimejificha, kikisubiri kuitwa na mtu asiyejua kwamba anapaswa kuita.

Saa kumi na moja na nusu Persis alikuwa ameharibu hata vilivyokuwa vikifanya kazi. Akilini alimwona Momanyi akipigilia kioo chake. Alijiona yeye, mama mzima mwenye diploma, akiomba kurudishiwa kona ya kibanda ili atoe fotokopi katikati ya nywele za watu.

Nasteho alimwekea chai. "Niulize kitu. Hapa juu nikigusa neno 'Mikeka', napelekwa kwenye mikeka. Haijawahi kukataa hata siku moja. Hiyo ilitengenezwa na nani?"

"Na mimi."

"Lini?"

"Siku ya kwanza."

"Siku hiyo ulikuwa na akili."

Persis akaweka kikombe chini. Kile kilikuwa kiungo cha kawaida kabisa, somo la wiki ya kwanza chuoni, ambacho kila kivinjari hukitii. Kilichoweza kumpeleka mtu chini kingeweza kumleta juu. Alifuta mistari yote, ya madaha na ya kuburuta. Akaandika kiungo kimoja kisichojificha, kinachoelekea kichwa cha ukurasa, na chini yake ombi moja: kivinjari kinachojua kupandisha kwa ulaini, kipandishe kwa ulaini. Kisichojua, kiruke. Dakika sita, na moja ilikuwa ya chai.

Nasteho akagusa. Akafika juu. Warsame akagusa. Akafika juu, papo hapo.

"Imeruka," akasema Warsame. "Ulaini uko wapi?"

"Kwenye simu yangu," alisema Persis. Dirishani jua lilikuwa limeshika paa la jirani, na hakuwa na muda wa kupamba. "Na kwenye kompyuta yako ya dukani. Simu zenu hizi zitaruka. Zile kumi nilizokwambia zilikuwa simu moja mara kumi. Nilijidanganya, nikakudanganya na wewe. Ukitaka, nakurudishia kile kitufe cha kukuburuta."

Warsame alimtazama mkewe.

"Mimi nataka kufika," alisema Nasteho. "Sikuomba kutembezwa."

Warsame aligusa mara nyingine tatu, akitumaini. Ikaruka mara tatu. Akashusha pumzi kama mtu anayezika kitu kidogo alichokipenda.

"Jumapili nenda Ogembo," akasema. "Lakini kitu chochote utakachotengeneza, huyu akikague kwanza. Asipopitisha, hakitoki."

Kwa hiyo diploma ya Persis ilipata msimamizi: simu moja yenye kioo kilichopasuka. Alifunga laptopu na kusimama, kwa sababu paa la jirani lilikuwa limeanza kupoteza rangi.

"Mke wa yule wa Ogembo," Nasteho alimwambia mlangoni, "simu yake ni mbovu kuliko yangu. Usivae hivyo viatu vya sherehe."