Mwenye Ndege wa Kizwite

Mzee Mwinjuma wa mtaa wa Kizwite alipopata habari kwamba binti yake Hamisa angeolewa Dar es Salaam, alitangaza pale pale dukani kwake kwamba safari hii hapandi basi wala treni. Angepaa. Alimwambia kila aliyekuja kuulizia sukari, na kwa kuwa miaka ile sukari ilikuwa ya kuulizia tu, mji mzima ulizipata habari zake.

"Asubuhi nakunywa chai hapa Sumbawanga," alisema, "mchana nakula wali wa nazi kwa mwanangu."

Mkewe, Mwanamvua, hakuwa mtu wa mabishano. Alifunga khanga zake furushi, akachukua mchele na samaki wakavu wa migebuka, akapanda basi la Mbeya ili akadandie treni.

"Baba Hamisa, tutaonana huko huko, Mungu akipenda."

"Utanikuta nimeshafika," Mwinjuma akamjibu. "Nitawaambia wakuwekee pilau."

Nikaha ilipangwa Ijumaa baada ya swala, na ndege ilikuwa ya Alhamisi. Mwinjuma alifika kiwanjani mapema, kanzu mpya ndani, koti zito la sufu juu, maana upepo wa Ufipa hauheshimu baba wa bibi harusi. Kiwanja chenyewe kilikuwa uwanda wa majani, na kila ndege ilipotarajiwa ng'ombe walifukuzwa. Siku hiyo walifukuzwa asubuhi, wakarudi, wakafukuzwa tena. Ilipofika adhuhuri walikuwa wameshazoea, hawainui hata kichwa.

Abiria mwenzake alikuwa Luciana, mama wa kijiji cha Mwazye, aliyekuwa ametangazwa mkulima bora wa ulezi wa mkoa mzima. Aliitwa Dar es Salaam akapewe plau mbele ya wakubwa. Alivaa gauni lake la kanisani, rozari shingoni, na kwapani alibana jogoo.

"Huyo wa nani?" Mwinjuma akamuuliza.

"Wa huyo atakayenipa plau. Sisi kwetu mtu hapokei mikono mitupu."

Jua lilipoanza kuinama, Mwinjuma alimwendea Flavian, kijana mpole aliyekuwa karani wa Shirika la Ndege za Nyanda pale mjini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndege imechelewa?"

"Hapana, mzee. Imeahirishwa."

"Tofauti yake nini?"

Flavian akatazama viatu vyake. "Kuchelewa ni kosa, mzee. Kuahirishwa ni uamuzi."

Uamuzi wa nani, walikuja kujua kesho yake, baada ya Flavian kuikoromea redio ya upepo kwa muda mrefu. Ndege ilichukuliwa na Mheshimiwa mmoja aliyekuwa akiwahi semina ya viongozi. Semina hiyo ilihusu kuthamini muda wa wananchi. Flavian aliyasema hayo bila kucheka, kwa kuwa hakujua kama kucheka kunaruhusiwa.

Saa ya swala ya Ijumaa ilipofika, Mwinjuma alitandika koti lake juu ya majani akaswali peke yake, ng'ombe wakitafuna kando yake. Alipotoa salamu hakuinuka. Alijua kwamba wakati ule ule, mbali kule, watu wamekaa mkekani wanaangalia mlango, wanamngoja walii, baba wa kumwozesha binti. Na walii ndiye huyu, ana nyasi magotini. Luciana alimwona akijifuta macho, akageuka upande mwingine akajifanya anamwekea jogoo maji.

Mwanamvua alirudi na treni yake na basi lake, amenenepa kwa pilau. Mwinjuma alimsubiri apumzike, kisha akauliza lile lililokuwa likimchoma.

"Nani alimwozesha?"

"Yunusu."

Yunusu alikuwa mdogo wake Mwinjuma, tumbo moja. Hawakuwa wakisemezana tangu walipogombea nyumba ya marehemu baba yao.

"Yunusu!" Mwinjuma akakaa. "Basi alisimama vizuri?"

"Alilia, Baba Hamisa. Alilia mpaka kadhi akamngoja."

Lingekuwa jambo la kudharau, angelidharau. Lakini hilo la kulia lilimkalia kooni kama mwiba wa mgebuka. Kilio kile kilikuwa chake yeye, na mtu mwingine alikuwa amekilia. Wiki ileile Luciana naye akashuka kutoka Mwazye na habari yake. Plau lake alikabidhiwa karani wa wizara aliyekuwa amekaa karibu na jukwaa, "kwa niaba." Picha ilitoka gazetini: karani ana tai, kashika plau kama mtu anayeshika mtoto wa jirani.

"Ana shamba huyu?" Mwinjuma akauliza.

"Ana kibaraza," akajibu Luciana.

Wakaenda wote wawili kudai fidia. Flavian aliwaambia hilo liko juu ya uwezo wake, wamsubiri Meneja wa Kanda, Ndugu Kornel. Ndugu Kornel akaja kutoka Mbeya kwa Landrova, maana alikuwa na haraka.

"Fidia ya nini?" akauliza, akiwa ameshakaa kwenye kiti pekee.

"Ya harusi," Mwinjuma akasema. "Mleteni Hamisa na mumewe hapa, kwa ndege, niwafanyie karamu mbele ya watu wangu."

"Na mimi plau langu," akadakia Luciana.

Kornel akatabasamu kwa huruma. "Ndugu Mwinjuma, nikuulize. Ndege hii ni ya nani?"

"Ya Shirika."

"Na Shirika ni la nani?"

"La umma."

"Na umma ni nani?"

Mwinjuma aliuona mtego, lakini mguu ulikuwa umeshaingia. "Ni... sisi."

"Ni wewe! Sasa mtu anayejidai mwenyewe tumwiteje? Fidia hiyo si ingetoka mfukoni mwako? Mimi hapa nakulinda, ndugu yangu, usijidhulumu." Akawapa mkono wote wawili, akaingia kwenye Landrova yake.

Mwinjuma alirudi nyumbani amenywea. Alipomsimulia mkewe, Mwanamvua aliendelea kuchambua mchele.

"Kwa hiyo ndege ni yako?"

"Ndivyo alivyosema."

"Basi mwenye mali analalamika nini? Si aende akaiangalie mali yake."

Ndege ilipokuja tena, ilikuja kwa wakati, kwa sababu yule Mheshimiwa alikuwa amezuru vijiji vya ujamaa vya huko Ufipa na sasa alikuwa anaondoka. Ngoma zilipigwa, vijana wa chama waliimba, ng'ombe walikuwa wamehamishwa tangu jana yake. Ndugu Kornel mwenyewe alikuwepo, kavaa suti ya Kichina ya chuenlai. Mheshimiwa akapunga mkono, akapanda, mlango ukafungwa.

Hapo Mwinjuma akatoka katikati ya watu na kigoda chake, akakiweka mbele ya pangaboi, akakaa. Luciana akamfuata, akakaa chini kando yake, akanyoosha miguu.

Rubani akatoa kichwa dirishani. "Mzee, toka hapo! Tunaondoka!"

"Hatuondoki."

"Nani kasema?"

"Mwenye ndege. Muulize Ndugu Kornel."

Watu wakaangua kicheko. Askari mmoja akasogea, akamwangalia Kornel, Kornel akaangalia mawingu. Akilini Mwinjuma alikuwa ameshaanza kuhesabu nani atamletea chakula rumande. Lakini alishakaa, na kuinuka kungekuwa aibu zaidi.

Mlango ukafunguliwa. "Kuna nini? Ndege imechelewa?" Mheshimiwa akauliza.

Flavian, aliyekuwa karibu na ngazi, alijibu kama alivyofundishwa kazini: "Hapana, Mheshimiwa. Imeahirishwa. Ni uamuzi."

Mheshimiwa akashuka. Mwinjuma akaeleza ya harusi, Luciana akaeleza ya plau, na wote wawili wakaeleza ya umiliki.

"Ulimwambia ndege ni yake?" Mheshimiwa akamgeukia Kornel.

"Nilikuwa natoa elimu ya siasa, Mheshimiwa."

"Na siku hiyo wazee hawa wanayoisema, ndege ilikuwa wapi?"

Kornel akaangalia tena mawingu. Mheshimiwa alimtazama, akaanza kukumbuka, akakohoa. Kisha akageukia wananchi na kuwahutubia kwa kirefu juu ya watendaji wazembe wanaopoteza muda wa umma, mpaka rubani akalala. Mwisho akaagiza, mbele ya wote, kwamba wale wawili wafidiwe kama walivyoomba. Akapigiwa makofi. Mwinjuma akaondoa kigoda.

Na kweli walifidiwa. Plau la Luciana lilifika Mwazye likiwa na pazia la maua limesahauliwa kwenye mpini, kwani karani alikuwa amelifanya pambo la sebuleni. Na siku moja ndege ikatua, akashuka Hamisa, akashuka mumewe, Mwinjuma akapiga hatua mbili za furaha, kisha akasimama. Nyuma yao alikuwa anashuka Yunusu.

"Walisema wanakuja harusini," Yunusu akasema, kofia mkononi. "Na mimi ndiye niliyeozesha. Shikamoo, kaka."

Watu wote wa Kizwite walikuwa wanatazama. "Marahaba," akasema Mwinjuma, kwa sauti ya mtu anayelipa kodi.

Karamu ilifana. Siku mbili baadaye Hamisa na mumewe wakaondoka na basi, kwa kuwa mume alitakiwa kazini. Yunusu alikuwa na tiketi ya kurudi ya ndege, naye hakutaka kuipoteza. Akaingoja. Wiki ikapita, kisha ikapita nyingine. Alilala chumba cha wageni, akala ugali wa ulezi, akaanza kukaa dukani, akapanga upya rafu bila kuulizwa. Mwinjuma akazipangua. Wakagombana juu ya rafu, kisha juu ya nyumba ya baba yao, wakagombana mpaka Mwanamvua akawafungia nje wamalizie uani. Walirudi ndani wamechoka, wanacheka kwa kitu alichowahi kusema marehemu mama yao juu ya mbuzi.

Asubuhi moja Flavian akaja dukani mbio, jasho linamtoka, kuomba radhi kwamba hata wiki ile ndege isingekuja.

Mwinjuma alikuwa anammiminia mdogo wake chai. "Kaa unywe, kijana," akasema. "Nani kakwambia tuna haraka?"