Banda Moja la Wanawake

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ndiye mwenyekiti wa mtandao wa wanawake wafanyabiashara. Watu walitania kwamba mtandao bila wifi haushiki. Mimi nilicheka mara ya kwanza tu. Mwanamke yule hajawahi kushika hata nyundo, lakini kwa maneno humwezi, atakuuzia shati ulilovaa.

Mimi ni mchomeleaji. Mageti, madirisha, vitanda vya chuma, yote kwa mikono hii. Kibanda changu kilikuwa kando ya barabara, na barabara ilikuwa inapanuliwa, kwa hiyo vibanda vyote viliamriwa vivunjwe. Wenye pa kwenda walikuwa wanachama wa chama cha wachomeleaji, maana chama kina uwanja wake wenye mabanda na umeme. Na chama hicho hakijawahi kumpokea mwanamke. Nilipiga hodi pale mpaka nikachoka.

Ndipo wifi akaja mbio. "Wifi, mambo yameiva! Mtandao wetu na chama chao sasa tunashirikiana. Wametupa banda moja la mwanamke. Ila wanataka kumwona fundi akichomelea mbele ya wageni."

"Fundi si mimi?"

"Sasa nani mwingine? Wewe choma, maneno niachie mimi."

Nikamkumbatia, mjinga mimi.

Siku yenyewe uwanja ulijaa viti na maturubai. Wifi alikuja na ovaroli mpya, bado ina mikunjo ya dukani. Mwenyekiti wa chama, mzee mnene waliyemwita Cheche, akauliza kwenye kipaza sauti, "Haya, fundi wetu ni yupi?"

"Ni mimi," wifi akajibu, macho makavu. "Huyu ni mke wa kaka yangu, msaidizi wangu." Kisha akaninong'oneza, "Nyamaza. Banda likiwa na jina langu, si litakuwa letu? Utafanya kazi humo humo."

Letu! Damu ilinichemka. Ningekuwa kibarua wake mpaka nizeeke.

Cheche akanigeukia. "Kweli, mama, wewe ni msaidizi?"

Nilimtazama wifi. Kinga ya uso ya kuchomelea alikuwa ameiegesha juu ya utosi kama kofia ya harusini, wala hakujua kwamba inashushwa.

"Ndiyo, mzee," nikasema. "Fundi ni yeye. Mpeni geti achomelee."

Wifi alinitumbulia macho. Lakini watu walishaanza kupiga makofi, hakuwa na pa kukimbilia. Mchomeleaji yeyote, hata aliyeanza jana, anajua kwamba moto ule hautazamwi kwa macho matupu. Mafundi wa chama walikaa wakisubiri aishushe ile kinga. Mimi ndiye niliyekuwa karibu naye, na neno moja tu lingetosha: shusha. Nikalimeza, nikawasha mashine.

Aliinama karibu kabisa asije akakosea. Mwanga ukamlipukia usoni. Akapiga yowe, akatupa kishikio cha kuchomelea, akaangukia viti vya wageni. "Wifi, sioni! Wifi wee!" Mafundi walicheka mpaka wakashikana mabega. Nami nilifurahi, nidanganye ya nini? Nilifurahi sana.

Cheche akasubiri kicheko kipoe. "Ndugu wageni, nafasi tumewapa, na mmejionea wenyewe. Kazi hii ina wenyewe." Hapo hapo banda akampa shemeji yake mwenyewe.

"Mzee, fundi ni mimi!" Nikaokota kishikio. "Ngoja nikuonyeshe, mara moja tu!"

"Mama," akasema kwa ule upole unaouma kuliko tusi, "si umesema mwenyewe kwamba fundi ni yeye? Kama fundi wenu ni yule, msaidizi wake yukoje?" Akaizima mashine kwa mkono wake.

Nyumbani nilimkuta mume wangu akimkanda dada yake macho kwa kitambaa chenye maji. Akaniuliza bila kunitazama, "Hukumwambia afunike uso?"

"Msaidizi hamfundishi fundi."

Akakichovya kitambaa tena, akanigeuzia mgongo.

Tingatinga likapita, kibanda kikawa mabati. Mashine yangu nikamuuzia shemeji yake Cheche, hakuna mwingine aliyeitaka. Alikuja kuichukua na mkokoteni, akaizunguka, akakuna kichwa, akaniuliza inawashiwa wapi. Nikamwonyesha. Ilikuwa yake.