Mkao wa Mti

Darasa la yoga lilifanyika Jumamosi alasiri katika ukumbi wa parokia, Kitura, wanawake wakitoka kuchimba ngoro, yale mashimo ya kilimo cha mlimani, ambako mwanamume hufyeka na kupanga majani, kisha mwanamke huinama kutwa akiyafukia kwa udongo. Mwalimu alikuwa Dorothy, muuguzi mstaafu kutoka Liuli. Alishika sakafu kwa viganja, akainua makalio, akaeleza kwamba mkao huo hunyoosha misuli ya mgongo.

"Sista, huu tunao," alisema Vitalia. "Ila wetu una jembe."

Wenzake walicheka. Otilia hakucheka. Mgongo wake ulikuwa umejikunja kiasi kwamba alisalimia watu akitazama viatu vyao. Alichotaka ni kusimama wima.

Nafuu aliipata kwenye mkao wa mti: mguu mmoja chini, unyayo wa pili kwenye paja, mikono juu. Dorothy alisema huimarisha vifundo, na maana yake ni kutulia bila kuyumba. Otilia aliurudia nyumbani, kati ya mibuni. Mgongo ukanyooka. Vidole vya mguu viliingia ardhini, na asubuhi mikono yake ilikuwa imechanua maua meupe ya kahawa.

Mumewe, Egidi, alimwekea samadi.

Dorothy alipokuja kumtazama, alimbonyeza kifundo. "Umevimba. Badilisha mguu, dada, la sivyo mgongo utapinda upande."

"Hapana, Sista," alisema Egidi. "Ameshika punje. Akitikisika zitapukutika."

"Mwili ni wake, Baba Tadei," Dorothy alimjibu Egidi.

"Na shamba?"

Dorothy hakujua. Aliitwa mwenyekiti wa kijiji, naye hakujua. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe, taratibu za kahawa zilibadilika kila msimu, na hakuna aliyemweleza kama kahawa iliyoota kwa mke ni ya mke. Alichojua ni kwamba mibuni yote huandikishwa kwa jina la mume.

"Kwani mimi ni mbuni?" aliuliza Otilia.

Mwenyekiti alimtazama kuanzia mizizi hadi vidole. "Hilo, mama, tutauliza wilayani."

Jibu halikuja. Punje zikaiva. Egidi alizichuma kwa upole, hata za kwapani. Zilipokauka, mnunuzi alishuka kwenye gari lake, akang'ata moja, akasema ni kahawa safi. Alimwamkia Otilia shikamoo, akapakia, akaondoka.

Kufikia wakati huo mgongo wa Otilia ulikuwa umeanza kulalia kushoto.

"Baba Tadei, zimekwisha. Nibadilishe mguu."

Egidi alimkagua, tawi baada ya tawi. Kwenye kiwiko cha kulia ua jipya lilikuwa linafunguka.

"Vumilia kidogo," alisema. "Mguu huo mwingine si unapumzika?"