Dhamana Haikai

Siku ya mikopo, Godwin, afisa wa benki, aliweka meza yake katika ukumbi wa kanisa pale Kawetele, akafuta mvua kwenye miwani, akauliza nani anamsimamia Atupele, aliyeomba mkopo wa ng'ombe. Soko huria lilikuwa limeingia Tukuyu, na nyuma yake benki ya biashara inayotafuta maskini wa kuwakopesha. Hakuna mwanamke aliyekuwa na hati ya shamba, kwa hiyo dhamana ilikuwa jirani. Tusekile, shoga yake Atupele, akasema, "Mimi namsimamia," akasimama.

Hakuweza kukaa tena. Alipika amesimama, akachuma chai amesimama kama kila mtu, akalala ameegemea ukuta. Mumewe alimpigilia ubao wa kuegemea, huku akilalamikia bei ya misumari. Majirani walisema ndivyo mikopo ya siku hizi ilivyo.

Ng'ombe aliyenunuliwa kwa mkopo ule alikufa kwa ugonjwa wa ndigana. Atupele aliuza ndizi, akalipa na kulipa, na deni lilibaki vilevile, maana kila alichopeleka kiliitwa riba. Ule ulikuwa wizi wenye risiti, na asiyependa kuusikia azibe masikio.

Kisha mama yake Tusekile akafa huko kijijini Kisondela. Kwao mwanamke hulia msiba akiwa amekaa chini, na binti asiyekaa husemwa kwamba hakumpenda marehemu. Tusekile akaenda benki mjini.

"Tata, niruhusu nikae siku za msiba tu. Nimlilie mama."

Godwin alijizungusha kidogo kwenye kiti chake. "Pole sana, mama. Lakini umeshaona wapi dhamana imekaa?"

Kule msibani, vijana waliomaliza kuchimba kaburi walichimba shimo jingine kando ya mikeka, la kina cha kiuno. Tusekile akashuka. Kichwa chake kikawa sawa na vya wanawake waliokaa, dada zake wakamkumbatia, akalia mpaka sauti ikamkauka. Uchungu wake ulikuwa mkubwa, na hakuna aliyemsema.

Kesho yake Godwin alileta rambirambi ya benki. Aliinama juu ya shimo, akaitazama miguu ya Tusekile, akaridhika kwamba imesimama.

"Tunashukuru kwa ushirikiano," alisema.

Atupele akamletea kiti na sahani ya ndizi kwa nyama. Mvua ikaanza, na maji yakapanda shimoni hadi magotini. Wanawake walimfunika Tusekile kanga kichwani. Godwin akaomba aongezewe mchuzi.