Jengo Lisilo na Watu

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa milango, mwekezaji alijenga pale Kibiti kiwanda cha barafu ya kuhifadhia kamba wa delta. Akaja na tangi la gesi ya amonia, na Bwana Mudrick, mtaalamu wa kupanga majengo. Gesi hiyo ndiyo inayogandisha barafu, na ikivuja inaua. Mudrick aliiheshimu sana: ofisi yake aliiweka mita mia mbili, upande unakotoka upepo. Kantini aliiweka hatua kumi na mbili kutoka kwenye tangi.

Mwamini, mkuu wa wapishi, alizihesabu mwenyewe. Wiki iliyotangulia bomba lilivuja kidogo tu, kuku watatu wa jirani yake Habiba waliokuja kudonoa makombo kantini wakafa, na Mwamini mwenyewe akakohoa siku mbili. Akaenda ofisini.

"Mwanangu, tuhamishe. Tumo wanawake tisa mle."

Mudrick akafunua jalada. "Mama, hatari hupimwa kwa watu waliomo. Nyie vibarua, hamumo kwenye orodha ya wafanyakazi. Kwa hiyo jengo lile halina watu."

"Halina watu?"

"Kitaalamu."

Mwamini alirudi amefura. Kusoma kote kule, mtu asione wanawake tisa! Kweli elimu ni bahari, na wengine huzama ufukweni.

Siku ya ufunguzi wakaja wakubwa kutoka Dar. Mwamini akatandika mikeka kantini, akapanga masinia ya pilau. Kwa watu wa huku mgeni hali mpaka mwenyeji atie mkono wa kwanza, na mwenyeji siku ile alikuwa Mudrick. Wageni wakanawa, wakaketi. Mudrick aliganda mlangoni, jasho linamtoka.

"Bismillahi, mwanangu," alisema Mwamini. "Tufungulie sinia."

"Twe... twendeni tukale kule ofisini."

"Kwani hapa pana nini?" aliuliza mgeni mmoja.

Macho yalimponyoka Mudrick yakaenda kwenye tangi. Wageni nao wakalitazama. Wakanyanyuka kwa pamoja, mmoja akasahau viatu.

"Mama, leteni chakula ofisini," Mudrick alinong'ona.

"Nani akilete? Jengo si halina watu?"

Wanawake tisa wakajitwisha masinia, wakapita mbele ya ofisi, wakatoka getini. Walitua uani kwa Habiba, na Mwamini akatia mkono wa kwanza. Kazi alijua imekwisha. Pumzi bado alikuwa nayo, na pilau ilikuwa ya moto.