Bodi Ikigongwa Mara Mbili

Mabruki aliendesha basi miaka mingi kabla ya kupewa Landrova ya kliniki, na hilo basi ndilo lililomharibu. Kwenye basi utingo akigonga bodi mara mbili, unaondoka. Huulizi wala hugeuki. Mguu wa Mabruki ulikuwa umezoea kumtii utingo kuliko kumtii mwenyewe, na siku ile pale Kigwa nusura umponze.

Walikuwa wamefuata tela ya kliniki, kijumba cha bati chenye madirisha na kitanda cha wajawazito, waivute hadi Goweko. Huko watu walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, na zahanati yao ilikuwa bado msingi mtupu. Mabruki aliandamana na shemeji yake Abbasi, kaka wa mkewe Mwanne, mtu mzima mwenye maneno mengi kuliko nywele. Mwanne hakuwa na ndugu mwingine duniani. Alipowaaga mjini Tabora alimvuta mumewe pembeni.

"Baba Maua, huyo ndiye baba na mama niliobakiwa nao. Unirudishie mzima."

Kazi ilianza vizuri. Waliziba magurudumu ya tela kwa mawe, mbele na nyuma. Mabruki akarudisha gari polepole mpaka ulimi wa tela, ule mkono mrefu wa chuma, ukaingia kwenye ndoano ya Landrova. Kisha akaifunga minyororo miwili ya usalama, akaipishanisha chini ya ulimi.

"Unafunga tela au unafunga mwizi?" Abbasi akamtania. "Babu yangu alipita njia hii na pembe ya ndovu begani mpaka pwani, na hakuifunga hata kwa kamba."

"Babu yako hakuwa na dada yako nyumbani," Mabruki akajibu.

Ikabaki pini ya kushikiza ulimi. Mabruki akapanda kwenye usukani, akawasha injini ipate moto wakati Abbasi akiingiza pini. Pini yenyewe ilikuwa na kutu, ikaingia nusu ikagoma. Abbasi akaokota nyundo, akaipiga. Ngo, ngo.

Mkono wa Mabruki ukatia gia, mguu ukakanyaga mafuta. Landrova ikaruka, minyororo ikakaza, injini ikazima. Nyuma chuma kikatoa kishindo kimoja, kisha kimya.

"Shemeji!" aliita. "Abbasi!"

Hakuna aliyeitika. Mabruki aliteremka mbio. Alichokiona kichwani ni mlango wa nyumba yake tu, na Mwanne akiufungua. Angeanzia wapi kumwambia? Alipofika nyuma akakuta pini imeruka, ulimi wa tela umechomoka, na chini yake katambuga moja, kile kiatu cha tairi, haina mtu.

Mguu wenyewe ulikuwa kwenye majani, mzima, pamoja na mwenyewe. Abbasi alikuwa ameanguka kwa makalio, mdomo wazi, pumzi zimemkatika. Ule ulimi haukufika chini. Ulidakwa na minyororo, ukabaki ukining'inia shibiri moja juu ya ile katambuga.

Mabruki akajitupa chini kando yake. Akaushika ule mguu, akaubinya vidole kimoja kimoja kama mama anayekagua mtoto mchanga, huku akisema alhamdulillahi, alhamdulillahi, machozi yakimtiririka bila haya. Hakupata kuona mguu mzuri kama ule, na vumbi lake na kucha zake zilizopasuka.

"Hee! Unalia, kwani nimekufa?" Abbasi akauliza pumzi zilipomrudia.

"Si umegonga mara mbili!"

"Nimegonga pini, shemeji! Basi liko wapi hapa?"

Wakatazamana, wakaangua kicheko mpaka Abbasi akashika mbavu. Ilikuwa raha tupu, raha ya watu waliosamehewa. Mzigo wote ulimtoka Mabruki kifuani, akahisi njaa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Wakaanza upya. Safari hii ufunguo wa gari ulikaa mfukoni mwa Abbasi mpaka pini ilipozama yote, kifungio chake kikabanwa na taa za nyuma zikaunganishwa. Wakaondoa mawe. Mabruki alikuwa ameshasema kwamba hataki tena kusikia bodi, anataka kuona uso. Kwa hiyo Abbasi akazunguka hadi dirishani, akampa ufunguo, akasimama mbele ya macho yake.

"Haya, twende."

Mabruki akawasha gari, lakini hakuondoka.

"Sema tena."

"Twende, bwana!"

"Tena."

Abbasi alifungua mdomo amtanie, akayaona yale macho bado mabichi. Akaweka mkono juu ya mkono wa Mabruki pale kwenye usukani.

"Twende, shemeji," akasema taratibu. "Nipo."