Anayejua Ainue wa Kulia

Manang Salud alisimamisha rekodi kwenye simu. "Umeongea dakika kumi na nane, Delfina. Jovelyn ameongea moja."

"Si alikuwa amekosea!"

Nilikuwa nimewaka. Kila mwezi sisi tunaowalea walimu wapya hapa mkoani Antique, Ufilipino, tunampelekea Manang, yaani dada mkubwa, rekodi ya mazungumzo yetu nao, naye anatupiga msasa. Siku hiyo sikutaka msasa, nilitaka msaada. Jovelyn, mwalimu mchanga niliyekabidhiwa, angempa mkuu wa shule barua ya kuacha kazi saa kumi jioni ileile.

"Alikosea nini?"

"Alinidanganya mchana kweupe! Niliingia darasani kwake, kila akiuliza swali mikono yote juu. Kumbe kawafunza: anayejua ainue wa kulia, asiyejua wa kushoto, naye anachagua wa kulia tu. Mimi nifanyiwe usanii ule?"

Manang akabonyeza tena. Sauti yangu ikanguruma, kisha ya Jovelyn, ndogo: "Lakini Mwalimu, hata wewe uli—" Nikamkata: "Usinijibu!"

Akarudisha. Akarudisha tena. Mara ya tatu nikaizima mwenyewe.

"Hata wewe nini?" akauliza Manang.

Nilijua. Jovelyn alikuwa mwanafunzi wangu darasa la nne. Mkaguzi alikuwa anakuja, nikawafanyisha mazoezi wiki nzima, kulia, kushoto, na Jovelyn, kwenye hesabu, kila siku aliinua wa kushoto. Mkaguzi alinisifu, nikapandishwa cheo.

"Mimi ndiye niliyemfundisha," nikasema. Aibu ilinishika hata nikashindwa kumtazama.

"Sasa unangoja nini hapa? Saa tisa na nusu hii!"

Nilimkuta Jovelyn nje ya ofisi ya mkuu, bahasha mkononi, macho mekundu.

"Kama umekuja kunisema tena, Mwalimu, nimechoka."

Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno. Yote yakanitoka. Nikasimama pale, mlezi wa walimu mzima, nikainua mkono wa kushoto.

Akautazama ule mkono. "Ushushe, Mwalimu. Watoto wanaona."

"Waache waone."

Akaketi kwenye ngazi, bahasha mapajani. "Haya. Lakini leo nasema mimi."

Kengele ya saa kumi ilipolia alikuwa bado anasema, na sikuwa nimemkata hata mara moja.